DISHI MOJA, MANAHODHA WAWILI

Wahenga wetu wa pwani, waliojua bahari kabla ya kujua waya wa umeme, walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Sikudhani hata siku moja kwamba methali hiyo ningekuja kuikumbuka nikiwa mbali na maji ya chumvi, ndani ya gari, katikati ya televisheni mbili.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba leo nimeacha mambo ya utamaduni nikaingia ufundi wa nyaya. Jinsi watu wa nyumba moja wanavyokaa jioni, nani apewe nafasi ipi, nani asikilizwe na nani angoje, hayo ni utamaduni kama ulivyo mwendo wa ngoma na vazi la arusi. Na siku hizi hayo yote yamefungamana na kioo cha televisheni, tupende tusipende. Kwa hivyo nivumilie nikueleze kisa, kisha nitoe maoni yangu.

Mwezi wa Agosti 2023 nilimsindikiza dada yangu mkubwa kwenda Marekani kumwona mwanawe, aliyehamia mji wa Columbus katika jimbo la Ohio. Dada ni mjane na umri wake umepita miaka 70. Mwanawe hakuwa amemtia machoni kwa miaka tisa, na wajukuu wawili wa kiume alikuwa akiwajua kwa picha na kwa sauti ya simu tu. Tulipofika, mpwa wangu alitupokea kwa furaha kubwa, na siku ya tatu akaniambia, "Mjomba, nimekodi gari-nyumba. Nataka kumtembeza mama wiki nzima, alale ndani, apike ndani, asichoke."

Kwa wasiolijua gari hilo, ni kama basi ambalo viti vyake vimeng'olewa ikajengwa nyumba ndani yake. Lina vitanda, jiko, friji, choo na mahali pa kuogea. Wamarekani huliita kwa herufi mbili tu, RV. Mengi katika magari hayo huundwa katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, ambako kuna hata jumba la makumbusho lililowekwa kwa ajili yake. Watu huyatia mafuta wakazunguka nchi, hasa wazee waliostaafu na wenye familia wakati wa likizo, wakilala katika kambi zilizotengwa ambako kuna nguzo za umeme na mabomba ya maji.

Lakini lililonishangaza mimi si jiko wala choo. Ni televisheni. Moja ilikuwa mbele, mahali pa kukaa, na ya pili nyuma, ndani ya chumba cha kulala. Mpwa wangu akaniambia kwamba mengine huwa na ya tatu, iliyotiwa ubavuni mwa gari kwa nje, ili mtu aketi msituni akitazama. Nikamuuliza, "Mwanangu, watu hawa huenda kuutazama msitu, ama huenda kuuonyesha msitu televisheni?" Akacheka, lakini hakunijibu.

Nia yake ilikuwa njema. Vijana wake hawaachi kutazama mpira. Mamake naye, tangu ujana wake, ni mpenzi wa filamu za Kihindi, tangu siku zile za sinema za Mombasa kama Regal na Naaz, alipokuwa akienda na shoga zake, buibui na vitambaa vya kufutia machozi vikiwa tayari. "Sitaki ugomvi safarini," mpwa wangu alisema. "Vijana mbele na mpira wao, mama nyuma na filamu yake. Kila mtu atastarehe." Maneno hayo yaliniingia akilini, maana ndiyo maneno yale yale ninayoyasikia kila siku kwetu Mombasa.

KWA NINI DISHI LIKAGOMBA

Basi jioni ya kwanza kazi ikaanza, na hapa yafaa nieleze kidogo, kwani wengi wetu tumeshatapeliwa na mafundi kwa kutojua.

Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, zikizunguka sawasawa na mwendo wa dunia, hata kwa aliye chini zikawa kama zimesimama mahali pamoja. Sisi wa Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Setilaiti ile iliyo nyuzi 36 mashariki, ambayo nyumba nyingi za Kenya huitumia, iko karibu na utosi wetu, zaidi ya nyuzi 80 juu ya upeo wa macho. Ndiyo maana mnazi ulio uani aghalabu haukuzuilii picha. Kule kaskazini mambo ni mengine. Setilaiti moja kubwa wanayoitumia iko nyuzi 119 magharibi, na mtu aliye Ohio au Indiana lazima aelekeze dishi lake kusini-magharibi, nyuzi 30 hivi tu juu ya upeo. Mti wa mita 10 ulio hatua kumi na tano mbele ya dishi wamtosha kumkosesha picha. Hivyo basi mwenye gari-nyumba mwezi wa Agosti, jua likiwaka, hana budi kuchagua mawili: kivuli au televisheni.

Tulichagua televisheni, tukaegesha juani.

Sasa, dishi likishapata setilaiti, mawimbi hukusanyika katika kile kichwa kidogo kilichokaa mbele yake. Mawimbi hayo huja kwa makundi mawili. Huku kwetu, kundi moja husimama wima na jingine hulala. Kule Marekani, kwa kampuni kubwa za televisheni, kundi moja huenda likijizungusha kulia na jingine kushoto. Kichwa cha kawaida hakiwezi kuyateremsha makundi yote mawili kwa wakati mmoja katika waya mmoja. Hungoja amri. Na amri hutoka kwa dekoda: ikipandisha volti 13 katika waya, kichwa huleta kundi moja, ikipandisha volti 18, huleta la pili.

Hapo ndipo siri ilipo. Fundi asiye mwaminifu akija nyumbani kwako akakata waya mmoja, akatia kiungo cha kuugawa, akakuunganishia dekoda mbili, ataondoka televisheni zote mbili zikionyesha. Lakini jioni mmoja wenu atakapotaka stesheni ya volti 13 na mwenzake ya volti 18, yule wa 18 ndiye atakayepata na mwingine atabaki gizani. Mwenye nguvu mpishe. Dawa yake nyumbani ni rahisi: nunua kichwa chenye matundu mawili, na kila dekoda ipewe waya wake kutoka dishini. Siku hizi kuna pia vyombo vipya vinavyoweza kulisha dekoda kadhaa kwa waya mmoja, lakini lazima kichwa na dekoda ziwe za aina hiyo. Kiungo cha bei rahisi hakiwezi kuifanya kazi hiyo.

Katika gari-nyumba shida huongezeka. Lile tulilokodi lilikuwa na dishi dogo lililofunikwa kwa kuba juu ya paa, lenye mota ya kulizungusha. Gari likisimama na televisheni ikiwashwa, dishi huzunguka lenyewe likitafuta setilaiti. Dekoda zetu zilikuwa mbili, na nyaya zilikuwa mbili kama inavyotakiwa. Lakini kampuni ya kule huweka stesheni zake katika setilaiti zaidi ya moja, na dishi la namna ile hutazama moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo waundaji wamekata shauri: dekoda moja ndiyo inayoamrisha dishi, na ya pili hufuata. Ya kwanza ikitaka setilaiti nyingine, dishi hugeuka, na ya pili hupokonywa ilichokuwa ikitazama. Chombo ni kimoja, na nahodha ni mmoja. Huyo wa pili ni abiria, hata akiwa na rimoti mkononi.

Na dekoda inayoamrisha ilikuwa ipi? Ile ya mbele, ya vijana.

FILAMU ILIPOZIMIKA

Usiku ule dada alikaa nyuma kitandani, peke yake, mlango umerudishwa ili kelele za mpira zisimsumbue. Filamu ilikuwa ya mama na mwana waliopoteana katika mafuriko, mambo ambayo wapenzi wa filamu hizo wanayajua. Nilikuwa nimekwenda kumpelekea chai. Mama wa filamu ameshaiona alama begani mwa kijana, machozi yameanza, muziki umepanda. Mara kioo kikawa cheusi, yakatoka maandishi ya kusema kwamba setilaiti inatafutwa. Kule mbele kijana mkubwa alikuwa amebadilisha stesheni.

Dada akanyanyua macho akasema, "Jamani, si mungengoja amkumbatie kwanza?"

Mpwa wangu akaja mbio, bisibisi mkononi. "Ngoja mama, nitaiweka sawa sasa hivi." Akagusa waya huu, akagusa ule, akatoka nje, akapanda ngazi ya nyuma, akalitazama kuba lile kana kwamba litamwambia neno. Akarudi. Akatoka tena. Nilimhesabu: mara tatu alimpita mamake jioni ile, na kila mara macho yake yalikuwa juu ya nyaya. Mama aliyevuka bahari na bara kumwona mwanawe, alimwona akipita.

Ndipo methali ya manahodha ikanijia.

TUSIDANGANYANE JUU YA ZAMANI

Najua watakaosoma hapa watasema: mwandishi huyu ataka turudi siku za televisheni moja mtaa mzima. Ni kweli kwamba siku hizo zilikuwa na utamu wake. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, na Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970. Hata katika miaka ya 80, wakati wa Vioja Mahakamani na Vitimbi, nyumba yenye televisheni haikuwa ya mwenyewe peke yake. Watoto mkekani, kina mama upande wa ndani, wanaume barazani wakichungulia dirishani. Umeme ukikatika wote waliguna kwa pamoja, na ukirudi wote walipiga makofi.

Lakini tusidanganyane. Televisheni hiyo moja ilikuwa na mfalme wake. Baba akitaka habari, ilikuwa habari. Vijana wakitaka mpira, na baba hayupo, ilikuwa mpira. Dada yangu huyu huyu alikaa miaka mingi akitazama alichokichagua mumewe, kisha alichokichagua wanawe, na zamu yake ilikuwa usiku wa manane, au siku ambayo watu wote wametoka. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba televisheni ya pili imemkomboa mama wa nyumba, simpingi. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani ana haki ya kuwa na yake. Mwanafunzi mwenye mtihani ana haki ya kukaa mbali na kelele. Televisheni ya pili si dhambi.

Ninalolipinga ni jambo jingine. Tazama, ndugu msomaji, ni nani aghalabu hupelekewa ile ya pili chumbani. Si kijana wa miaka 20 ambaye masikio yake ni mazima na miguu yake yaweza kukaa popote. Ni mzee. Tena huambiwa kwamba ni heshima: "Mama, tumekuwekea yako, ustarehe." Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hushukuru. Hawezi kusema kwamba hakutaka televisheni, alitaka kukaa na watu. Akisema hivyo ataonekana hana shukrani. Basi huingia chumbani, hurudishiwa mlango, na kicheko cha sebuleni hukisikia kupitia ukutani. Watoto wanaokua katika nyumba hiyo hujifunza kwamba sebule ni yao, na kwamba bibi ni mtu wa kupelekewa chai.

Ugomvi wa rimoti ni kero, sikatai. Lakini katika ugomvi huo mtoto hujifunza kwamba kuna mtu mwingine nyumbani mwenye haja yake, na kwamba haja hiyo yaweza kutangulia yake. Tukimwondoa yule wa pili tumeuondoa ugomvi na funzo lake pamoja. Nyumba yatulia, kweli, lakini hutulia kwa sababu watu wake hawakutani.

NAHODHA AWE NANI?

Asubuhi ya pili nilimwita mpwa wangu kando, tukiwa njiani kuelekea Ziwa Michigan, nikamwambia, "Mwanangu, nyaya zako ni nzima. Ulichokosea ni kumchagua nahodha." Nikamshauri alete mamake mbele, katika kile kiti kikubwa, ashike rimoti inayoamrisha dishi. Vijana wakitaka mpira, na waende chumbani na dekoda ya kufuata, wapate kinachopatikana. Na zamu ya mpira pale mbele iwepo pia, lakini iombwe kwa bibi, isichukuliwe.

Alisita, maana aliwajua wanawe. Lakini jioni ile akafanya hivyo. Sitaki kukuhadithia kwamba mambo yalikuwa kama asali. Kijana mkubwa alinuna, akaingia chumbani na simu yake, hakutoka mpaka chakula. Yule mdogo alibaki kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Kidogo kidogo akaanza kuuliza: huyu ni nani, mbona analia, mbona hawaambii polisi? Dada hajui Kihindi, lakini filamu hizo amezitazama miaka hamsini na haihitaji tena kamusi. Alimweleza kwa Kiswahili chake cha Mombasa, mtoto akafahamu nusu, na babake akawa hana budi kuketi baina yao kuwafasiria. Bisibisi ilibaki juu ya meza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu tufike niliyomwona mpwa wangu ameketi karibu na mamake kwa saa mbili bila kuinuka.

Siku ya nne tulipiga kambi chini ya miti mikubwa karibu na vilima vya mchanga vya ziwa lile, ambavyo dada alivifananisha na vile vya Shela. Alionja maji akasema, "Bahari kubwa hivi, na haina chumvi!" Dishi lilizunguka, likazunguka, halikupata kitu kwa sababu ya miti. Hakuna aliyelalamika sana, isipokuwa kijana mkubwa.

Nimerudi nyumbani, na shauri langu kwa wasomaji ni hili. Ukitaka kutia televisheni mbili, ziwe za nyumba ama za gari, jiulize kwanza ni nani anayekosa zamu. Ikiwa shida ni zamu, basi dekoda moja iliyounganishwa na vioo vyote viwili, ikionyesha picha moja, yatosha: mgonjwa aliye chumbani na waliomo sebuleni hutazama jambo moja, wakaweza kulizungumza. Ikiwa ni lazima ziwe dekoda mbili, nunua kichwa chenye matundu mawili na nyaya mbili, usikubali kiungo cha kugawa waya. Na utakapofika wakati wa kuamua ipi iwe sebuleni na nani ashike rimoti yake, mpe mzee ile ya sebuleni. Kijana ndiye ahamie chumbani.

Na tufanye hivyo upesi, kwani hata neno hili la vioo viwili lapitwa na wakati. Tangu mwaka 2023 intaneti ya setilaiti ya Starlink yapatikana Kenya, na wenye magari-nyumba kule Marekani wengi wameanza kuifunga juu ya paa badala ya dishi la televisheni. Kwa intaneti hiyo hakuna volti 13 wala 18, hakuna nahodha wala abiria. Kila mtu ana kioo chake kiganjani, naye hutazama atakacho. Kijana yule mkubwa hakuhitaji dishi la babake hata kidogo. Dishi likigomba, angalau hutulazimisha kuulizana nani aanze. Simu haitulazimishi. Itakuwa ni juu yetu wenyewe kusema, "Weka hiyo simu, njoo ukae na bibi."

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye lake na alete, tulizungumze.